Sufuria Juu ya Kichwa cha Lori

Mama hajui kusoma ramani, na mpaka leo naona ajabu kwamba kilichomharibia jina ni ramani.

Alikuja Tunduma kutoka Ndalambo nikiwa mgongoni kwake, miaka ile biashara ilipoanza kufunguliwa na sabuni ikaonekana tena madukani. Baba alikuwa amevuka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia. Kazi akapata, na mke mwingine akapata hukohuko. Habari zake tukawa tunazisikia kwa watu wa basi. Mama anasema hakulia, nami sijawahi kumwamini. Alichukua sufuria mbili, mwiko na gunia la mahindi alilopewa na ndugu zake, akajenga banda la mabanzi kando ya barabara kuu, upande wa kuingia mjini ukitokea Mpemba. Palikuwa na mkaratusi mkubwa na uwanja tambarare, lori zima na tela lake likaweza kuegeshwa bila kuzuia mtu. Mama ntilie wengine walikuwa wamebanana kule karibu na geti la mpaka, wakivutana mashati ya wateja. Yeye akakaa mbali na kelele, akangoja malori yamfuate.

Yakamfuata. Kadiri biashara ilivyofunguka, ndivyo malori yalivyoongezeka, na ndivyo karatasi za forodha zilivyochelewa. Foleni ikawa inaanzia getini, inapanda, inapita kwetu, inaendelea. Watu wa mjini waliilaani foleni hiyo. Sisi ilipofika kwetu tulikula nyama.

Hakuna aliyemfundisha Mama kupika vyakula vya watu wa mbali. Alijifunza kwa kukosea. Msomali wa kwanza alipomwomba tambi, Mama alimpikia kama tunavyozipika siku ya sikukuu, kwa sukari na hiliki, akamletea sahani imejaa wakati wa chakula cha mchana. Yule baba alizitazama muda mrefu. Akazila zote, akanawa, kisha akasema kwa upole, "Mama, safari ijayo weka chumvi. Na nyama." Tangu siku hiyo Mama akawa anauliza kabla ya kupika. Wazambia aliwapikia ubwali, ugali wao mgumu, na dagaa wa kapenta, nao wakamwita bamayo, mama kwa lugha yao. Wakongo walitaka ugali wa muhogo na kisamvu kilichopondwa kikawa laini kabisa. Watu wa pwani walitaka wali wa nazi, na kwa kuwa nazi Tunduma hazioti, walimletea wenyewe chini ya kiti. Kitimoto, nyama ya nguruwe, ambayo kwetu huku inauzika kuliko chakula chochote, aliikataa katakata asije akawapoteza Waislamu, ingawa yeye ni mtu wa kanisani na anaipenda.

Mmoja wa hao wa pwani alikuwa dereva wa Tanga, mrefu, mpole, mwenye taulo begani wakati wote. Mama alimwita shemeji bila sababu yoyote ya ukoo, na mimi kwa hiyo nikamwita baba mdogo. Akipita, yeye ndiye aliyetuchinjia kuku, ili Waislamu wenzake wale bila wasiwasi. Asipokuwepo tulimpelekea jirani mmoja wa duka la vipuri, lakini Mama alilalamika kwamba jirani yule anachinja kwa haraka kama mtu anayekimbilia basi.

Chakula kilikuwa nusu tu ya biashara. Nusu nyingine ilikuwa usingizi. Kila mahali kwenye barabara ile dereva alilala na jicho moja wazi, maana akiamka anakuta turubai limekatwa, au tairi la akiba halipo, au mafuta yamenyonywa. Kwa Mama walilala fofofo. Siku moja turubai liliibwa. Mama hakwenda polisi. Alifunga kanga, akaenda kwa mama wa kijana aliyemshuku, akaketi sebuleni. Akapewa chai, akanywa. Hakusema neno. Watu wakaingia wakatoka, yeye amekaa tu, mpaka mwenye nyumba akashindwa kustahimili akatoka kwenda kumtafuta mwanawe. Turubai lilirudi jioni hiyohiyo, limekunjwa vizuri. Habari ile ilisafiri na malori mpaka Lubumbashi, na ikamlinda Mama miaka mingi. Madereva wakaambiana: ukifika Tunduma, lala penye mkaratusi.

Hilo ndilo jina ninalolisemea. Mama hakuwa na nyumba ya kupangisha wala shamba mjini. Alikuwa na jina hilo, na kwa jina hilo mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikajifunza kompyuta Mbeya, nikapata kazi ya kuchapa nyaraka kwa wakala wa forodha.

Nilikuwa nimeshaanza kazi hiyo wakati kampuni kubwa za usafirishaji zilipofunga vifaa vya kufuatilia magari. Kilikuwa kiboksi kidogo, na antena yake ilikaa juu ya kichwa cha lori. Ofisini Dar mtu akawa anaona kwenye kioo cha kompyuta gari liko wapi, linakwenda mwendo gani, limesimama wapi na kwa muda gani. Madereva wakakibatiza jina: mbea. "Usiongee na mimi hapa," walitaniana, "mbea anasikia." Hakuwa anasikia, lakini ukishajua unatazamwa huishi tena kama zamani.

Kampuni aliyofanyia kazi baba mdogo, pamoja na wateja wetu wengi, ikatoa amri kwamba gari lisimame kwenye yadi zake tu. Ya kwetu ilikuwa juu kidogo ya banda la Mama: zege, uzio wa waya, bomba moja la maji na mlinzi mkali. Chakula hakuna. Ukisimama pengine, posho ya safari inakatwa. Sisemi kampuni haikuwa na sababu. Madereva hawakuwa malaika. Wapo walionyonya mafuta kwenye magari yao wenyewe wakayauza porini, na bosi aliyeibiwa mara nyingi ana haki ya kutafuta jicho. Lakini jicho lile liliwaona wezi na wenye njaa kwa namna moja.

Dereva haogopi chombo kwa muda mrefu. Anakizunguka, anakigusa, anakifahamu. Haukupita muda mmoja wao akagundua kwamba ukiifunika antena kwa kitu cha chuma, mbea anapofuka. Akaja jikoni, akamwomba Mama sufuria kuukuu. Mama akadhani anataka kuchemsha maji ya kuoga. Akampa ile iliyotoboka kitako. Yule dereva akapanda juu ya kichwa cha lori, akaifunika antena, akaweka jiwe juu, akashuka anacheka, akaagiza wali kuku.

Tulicheka sote. Nataka niseme hivyo waziwazi, kwa sababu baadaye ilionekana kana kwamba tulikaa tukapanga njama. Ulikuwa mzaha. Ungepita pale mchana ungeona malori matatu manne yamejipanga chini ya mkaratusi, kila moja na sufuria kichwani kama wanawake wanaotoka kisimani. Mama, ambaye kazi yake yote ilikuwa kumpa mteja anachotaka kabla hajaomba mara mbili, akanunua sufuria nyingine mtumba, akazitundika kwenye misumari nje ya banda. Dereva anashuka, anachukua yake, anapanda. Akiondoka anarudisha. Nyingine zikaungua jua mpaka zikawa nyeupe.

Baba mdogo peke yake hakuichukua. Aliegesha yadini kama alivyoamriwa, akatembea kwa miguu mpaka kwetu na taulo lake begani, akala, akarudi. Wenzake walimcheka. "Mimi mtu mzima," alisema, "siwezi kulivika gari kofia."

Halafu ghafla malori yakaacha kusimama. Yalipita moja baada ya jingine, na badala ya kupunguza mwendo yaliongeza. Tuliwapungia mkono watu tuliowajua miaka kumi na zaidi, wakageuza uso upande wa pili. Wali ukabaki. Kuku wakabaki. Mama akafagia uwanja mara tatu kwa siku akidhani pengine ni uchafu. Nilikuwa nikitoka kazini namkuta amekaa ameelekea barabarani, na moyo unaniuma kwa hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani.

Baba mdogo ndiye aliyetuletea habari, kwa miguu kama kawaida. Alikaa, akakataa chai.

"Shemeji, wamepawekea alama nyekundu hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipokaa. Ukikaribia, kile kiboksi kinapiga kelele ndani ya gari. Eneo hatari, usisimame. Ukisimama, kazi basi. Na kampuni nyingine nazo zimepewa hiyo alama, maana mtambo wanaouziwa ni uleule."

Mama akamwangalia kama mtu aliyeambiwa habari za kijiji kingine. "Hatari gani? Nani ameibiwa hapa?"

"Hakuna," baba mdogo akasema. Akatazama zile sufuria ukutani. Mimi pia nikazitazama.

Nilimwambia Mama kesho naomba ruhusa kazini, nakwenda ofisi ya ile kampuni hapa mjini. Akanishika mkono akiwa ameshika mwiko bado. "Nenda. Lakini sufuria usizitaje. Wale wana watoto. Ukizitaja, wote wanafukuzwa."

Ofisini nilimkuta dada mmoja wa rika langu, ametoka Dar, mwenye adabu. Nilitaka awe na dharau ili nigombane naye vizuri, hakunipa nafasi hiyo. Aligeuza kioo cha kompyuta nikaona. Barabara ilikuwa mstari wa buluu, mpaka ulikuwa mstari mwingine, na kando ya barabara, mahali nilipojifunzia kutembea, palikuwa na duara jekundu.

"Nani ameliweka?" nikauliza.

"Hajaliweka mtu. Mfumo wenyewe. Magari yanapotea hapa, dada. Moja kupotea ni kawaida, mtandao unasumbua. Lakini yanapotea hapahapa, kila siku, halafu yanatokea tena. Mfumo ukiona hivyo unajifunza kwamba hapo pana wizi."

"Kuna kitu kimewahi kuibwa?"

Akabonyeza bonyeza. "Sioni. Lakini haungoji mpaka kiibwe."

Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Ningesema neno moja tu, sufuria, na lile duara lingeeleweka. Nililiona jina la Mama upande mmoja, na upande mwingine nikaziona nyuso za wale wanaume, waliokuwa wakiniletea madaftari na maembe ya Mbeya nikiwa shule. Nikafumba mdomo. Nikauliza linafutwaje.

"Magari yakiwa yanasimama hapo, yanaonekana, yanaondoka salama, mfumo utajifunza upya. Taratibu."

"Lakini mmeyakataza kusimama hapo."

"Ndiyo."

"Sasa yatasimama vipi?"

Akafungua mikono. Niliona kweli anasikitika, na masikitiko yake hayakunisaidia kitu. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nafikiria kwamba Mama naye alijifunza. Alijifunza tambi za chumvi, alijifunza kisamvu cha Wakongo. Tofauti ni kwamba yeye alipokosea aliambiwa, na aliyemwambia alikuwa amekaa mbele yake anakula.

Baba mdogo alikuwepo nilipowasimulia. Alimaliza mchuzi wake kwa tonge la mwisho, akauliza, "Kwa hiyo unachotaka ni kuona gari limesimama?"

"Lakini siyo lako, shemeji," Mama akasema haraka. Baba mdogo akanawa akaondoka.

Alirudi kutoka Zambia mchana mmoja wa kiangazi na mzigo wa shaba. Wengine walimwuliza baadaye kwa nini hakufanya hivyo gari likiwa tupu, akasema gari tupu hata mwizi halitazami. Lilipotokea mjini tulilisikia kabla ya kuliona, kwa sababu lilikuwa linapunguza mwendo. Hatukuwa tumesikia lori likipunguza mwendo kwa wiki nyingi. Likaingia uwanjani, likasimama chini ya mkaratusi, kichwa kitupu, antena inang'aa. Ndani king'ora kilikuwa kinalia. Baba mdogo akashuka, akaacha mlango wazi, akaja na taulo begani, akanawa mikono.

"Wali upo?"

Mama alimwambia ondoka, nakuomba, ondoka. Yeye akaketi. Ikabidi apakuliwe. Simu yake ikaita, akaipokea, nami nikamsikia akisema kwa sauti ileile ya kuagiza chai, "Nimesimama nakula. Gari lipo, mzigo upo, mimi nipo. Kama mnaniona, tazameni vizuri." Akaiweka mezani, akaendelea kula bila haraka. Alikula kuku wote. Kisha akasimama, akamshukuru Mama, akapanda garini ili aondoke salama, kama mfumo ulivyotaka kuona.

Gari halikuwaka. Akajaribu tena, halikuwaka. Sisi hatukujua kwamba mtambo ule una uwezo wa kuzima injini kutoka Dar. Yeye pia hakujua.

Likabaki pale. Wakaja watu wa kampuni na askari wenye bunduki, wakalizunguka. Mji mzima ulikuja kutazama. Watu waliokuwa wakila kwetu tangu banda likiwa na kuta mbili walisimama ng'ambo ya barabara wakipiga picha kwa simu, wakiambizana kwamba leo wamekamatwa. Kesho yake gari lilipoondolewa, askari wakaondoka nalo, lakini kilichoonekana kilikuwa kimeonekana. Zile sufuria zilikuwa bado ukutani. Askari mmoja aliziangalia akamuuliza Mama anauza vyombo pia.

Baba mdogo aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Mimi niliwaka. Nikasema nakwenda ofisini sasa hivi, nawaeleza yote, sufuria na wenye sufuria, yaani wao wanapita hapa wanageuza shingo wakati huyu amefukuzwa kwa ajili yetu? Mama alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Ukiwataja sasa," akasema, "yeye atakuwa ameachishwa bure."

Ofisini sikwenda.

Banda lilifungwa kabla ya mvua. Mama alikaa ndani muda, akapungua mwili. Kisha siku moja akanituma nikaulize yadini kama wanahitaji mtu wa chakula. Walihitaji. Madereva walikuwa wamelalamika wee mpaka kampuni ikakubali. Niliandikisha biashara kwa jina langu, tukanunua hotipoti kubwa na aproni za rangi waliyoitaka, na Mama akaanza tena kupika, ndani ya uzio, chini ya jicho lilelile. Tambi za chumvi, wali, kisamvu. Walio wa zamani waliingia wakamkuta, wakainamisha vichwa, wakala. Alimpakulia kila mmoja bila kumuuliza kitu.

Baba mdogo hakurudi Tanga. Alisema ataona aibu kurudi kwa miguu mahali alikozoea kufika na gari. Anatuchinjia kuku na kusukuma mkokoteni wa vyombo, lakini getini haruhusiwi kuingia, picha yake imebandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Kwa hiyo anakaa nje ya waya, anaosha sahani tunazompitishia chini ya uzio.

Mwaka wa pili hapo yadini alikuja dereva mgeni, kijana wa Morogoro, safari yake ya kwanza kwenda Zambia. Mimi nilikuwa likizo, namsaidia Mama. Akala kwa hamu, akasifia, na kwa kuwa alimwona Mama ni mtu mzima akataka kumfanyia wema.

"Mama, wewe unakaa wapi? Ukitoka hapa jioni usipite kwa miguu pale chini penye mkaratusi."

"Pana nini?" Mama akauliza.

"Pabaya pale. Hata gari linajua, ukifika linapiga kelele. Wanasema zamani alikuwepo mama mmoja mwizi sana. Anawapikia madereva chakula kitamu, wakishiba wanalala, wanaibiwa."

Nilifungua mdomo. Mama alinigusa goti chini ya meza. Nje ya uzio mlio wa sahani ulikuwa umekoma.

"Wanasema alikuwa anapika vizuri?" Mama akauliza.

"Sana. Hilo wote wanalisema."

Mama akachukua upawa, akamwongezea mchuzi. "Haya, kula, mwanangu," akasema. "Kinapoa."